Paul Bomani na Mizani ya Wakulima wa Pamba

Barabara ya Pamba, kata ya Pamba, timu ya Pamba: mgeni anayefika Nyamagana kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba zao hilo bado linalimwa katikati ya mawe ya mji wetu. Halilimwi hapa. Lakini Mwanza tunayoijua ilijengwa kwa sehemu kubwa na fedha ya pamba iliyotoka Kwimba, Magu, Maswa, Shinyanga na Geita, na katika habari ya fedha hiyo jina la Paul Lazaro Bomani haliepukiki. Wazee wetu wanamkumbuka kama waziri na balozi. Vijana wengi wanalifahamu jina tu. Sisi tunapenda kuyatazama maisha yake kwa upande usiozungumzwa sana: namna maamuzi madogo ya fedha yaliyofanywa na watu wa kawaida, msimu hadi msimu, mbele ya mizani, yalivyojenga mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na namna chama hicho kilivyodhoofika maamuzi ya aina ileile yalipolegezwa.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Hakuwa Mkatoliki, baba yake, Lazaro Bomani, alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na mtoto alilelewa na kusomeshwa huko. Hilo halituzuii kumwandika hapa. Tangu mwaka 1891, Papa Leo XIII alipotoa waraka wake Rerum Novarum, Mama Kanisa amefundisha kwamba watu wanaoishi kwa jasho lao wanayo haki ya kuungana katika vyama vyao ili kulinda malipo yao, na kijana huyu wa Musoma aliifanya kazi hiyo katika eneo la majimbo yetu, kati ya wakulima ambao wengi wao walikuwa babu na bibi za waamini wanaosoma makala haya.

Baada ya masomo alipata kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947 alikuja Mwanza kufanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, na muda si mrefu akawa katibu wake. Hawa walikuwa watu wa maduka madogo, waliotaka kuununua mzigo wao kwa pamoja kwa sababu kila mmoja akiwa peke yake mfuko wake haukutosha. Ofisi ya namna hiyo humfunza mtu mambo mengi. Humfunza kwamba daftari lisiloandikwa leo haliwezi kuandikwa kesho kwa kukumbuka, na kwamba fedha ya watu wengi hulindwa kwa stakabadhi moja moja. Tunaamini kwamba Bomani aliyekuja kujulikana nchi nzima alianzia katika madaftari hayo.

Ili kuelewa alichofanya baadaye, hatuna budi kusimama kidogo katika gulio la pamba la miaka ya 1940.

Mkulima alipanda mwanzoni mwa mvua, akapalilia mara kadhaa, akachuma kwa mkono kuanzia katikati ya mwaka, kisha familia yote ikakaa chini kutenga pamba safi na pamba fifi. Baada ya hapo mzigo ulibebwa kichwani au juu ya baiskeli, pengine maili nyingi, hadi penye mnunuzi. Wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambulia wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Bei kwa kila ratili ilipangwa na serikali ya kikoloni, na mnunuzi hakuruhusiwa kuishusha chini ya kiwango hicho. Mtu anaweza kufikiri kwamba kwa namna hiyo mkulima alikuwa salama. Kumbe ndipo penye tatizo: pale ambapo bei haiguswi, anayetaka kupunja hubakiwa na uzito na daraja. Malalamiko ya wakulima wa Usukuma na Ukerewe yalikuwa hayohayo kila msimu: mizani inasoma pungufu, ratili za mwisho hazihesabiwi, pamba iliyotengwa kwa uangalifu inaitwa fifi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mkulima analeta mizigo 10 ya ratili 60 kila mmoja, na mizani inameza ratili 3 katika kila mzigo. Hakuna anayezigundua ratili 3. Lakini mwisho wa msimu zimekwenda ratili 30, yaani nusu ya mzigo mzima, pamoja na siku zote za kuchuma na kutenga zilizomo ndani yake. Na mkulima alikuwa na uamuzi wa kufanya palepale, jua likiwa utosini: abishane na karani wa mnunuzi, na asipokubaliwa abebe mzigo wake kurudi nyumbani, au apokee alichopewa na kwenda zake? Wengi walipokea. Hatuwezi kuwalaumu. Mtu mmoja mwenye njaa, asiyejua kusoma mshale wa mizani, hana nguvu ya kubishana.

Kulikuwa na kifungo kingine kisichoonekana. Sheria ya kikoloni iliyohusu mikopo kwa Waafrika ilifanya iwe vigumu mno kwa mkulima mweusi kukopeshwa kihalali. Ilielezwa kuwa ni ya kumlinda asinaswe na madeni, na pengine baadhi ya walioitunga waliamini hivyo, lakini matokeo yake ni kwamba mkulima hakuwa na mtaji isipokuwa ule aliojiwekea mwenyewe. Akiba ya Msukuma ilikuwa ng'ombe. Fedha ya pamba ikipatikana, sehemu yake iligeuka mtamba, na mtamba alizaa. Ukame ukija, ng'ombe aliuzwa au akabadilishwa na nafaka, na familia ikavuka. Wakoloni wengi waliiita tabia hiyo kupenda mifugo kupita kiasi. Sisi tunaona kwamba ilikuwa hesabu nzuri ya watu wasio na benki. Udhaifu wake ni mmoja: ng'ombe hamwezeshi mtu kununua mizani.

Hapo ndipo Bomani alipoingia. Mnamo mwaka 1950 na miaka iliyofuata alizunguka Usukumani, kijiji kwa kijiji, akiwa bado kijana wa miaka 25 hivi, akiwahimiza wakulima waungane katika chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Tukumbuke kwamba hakuwa na cheo cha serikali wala utajiri wa kuwavuta watu. Alichokuwa nacho ni hoja ndogo ambayo kila mkulima aliweza kuipima kwa akili yake: mkichanga kila mmoja kidogo, mtaweza kumlipa mtu wenu anayejua kusoma, asimame penye mizani siku ya kununua, aangalie na kuandika.

Uamuzi uliotakiwa ulikuwa wa senti chache. Lakini tusiudharau ugumu wake. Mkulima alikuwa na kodi ya kulipa, nguo za watoto, jembe lililochakaa, pengine deni la jirani. Kumpa mtu mwingine senti zako ili akulinde dhidi ya hasara ambayo huioni kwa macho ni jambo gumu kuliko kununua kitu cha kushika mkononi. Na walikuwapo, kama walivyopo leo, wale walioona ni afadhali wengine wachange na wao wanufaike. Hata hivyo watu walichanga. Wapimaji wa wakulima wakaanza kuonekana magulioni, na faida ya msimu mmoja ikawa ndiyo mahubiri ya msimu uliofuata.

Kuanzia mwaka 1952 na 1953 vyama vya msingi vilianza kuandikishwa rasmi. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwapo tangu mwaka 1932, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu tangu mwaka 1933, kwa hiyo njia haikuwa ngeni kabisa. Jambo lililokuwa jipya ni wingi wa watu na upana wa eneo. Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Mwanachama alinunua hisa. Pamba yake ilipimwa na chama chake mwenyewe, akapewa stakabadhi na malipo, na kwa kila ratili chama kikabakiza kiasi kidogo kwa ajili ya gharama na akiba. Kikibaki kitu mwishoni mwa mwaka, wanachama waliamua katika mkutano wao kama kigawanywe au kiwekwe.

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha habari yote. Kugawana kulikuwa haki yao. Kuweka kulikuwa kuamini kwamba chama kitakuwapo mwakani. Kwa kuwa milango ya mikopo ilikuwa myembamba, kila kiwanda, ghala na gari la chama lilitegemea kwa sehemu kubwa senti ambazo watu walikubali kutozila. Bomani alipelekwa Uingereza mwaka 1953 kusoma katika chuo cha ushirika cha Loughborough, na aliporudi vyama vya msingi pamoja na vyama vikuu vyake viliungana mwaka 1955 katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake makuu yakiwa hapa Mwanza. Shirikisho hilo likaanza kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa limekamata ununuzi wa pamba yote ya Jimbo la Ziwa. Katika muda usiofika miaka 10, watu waliokuwa wakimsihi karani awahesabie ratili za mwisho walikuwa na jineri zao.

Siasa zilikwenda sambamba. Bomani aliongoza tawi la chama cha Waafrika wa Tanganyika katika jimbo hili, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na katika miaka ambayo serikali iliizuia TANU kufanya kazi Jimbo la Ziwa, kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, ushirika ulibaki mahali ambapo watu waliweza kukutana na kuzungumza mambo yao. Mwaka 1960 Mwalimu Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Kilimo na Ushirika katika baraza lake la kwanza, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Alikuwa bado na wizara hiyo mwaka 1965, Tanzania ilipotangaza nia ya kuwa na Benki Kuu na sarafu yake yenyewe.

Ndipo likatokea jambo ambalo waandishi wengi wa habari zake hulipita haraka. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, Waziri wa Fedha Paul Bomani alishindwa kura nyumbani kwake, Mwanza. Wapiga kura walikuwa watu wa pamba. Rais alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara nyingine, ile ya uchumi na mipango, na kazi ikaendelea, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Ujumbe gani? Hatutaki kudai kwamba tunaijua mioyo ya wapiga kura wote. Waziri anayekaa Dar es Salaam hupotea machoni pa watu wake, na hilo peke yake linaweza kumwangusha. Lakini mwaka uliofuata, 1966, kamati maalumu iliyoteuliwa na Rais kuchunguza ushirika na bodi za mazao ilitoa taarifa yake, na picha iliyoonekana ilikuwa ya huzuni. Vyama vilikuwa vimeongezwa kwa haraka mno baada ya Uhuru, mara nyingine kwa msukumo wa wanasiasa kuliko utashi wa wanachama. Makato yalikuwa yameongezeka. Wahasibu wenye ujuzi walikuwa wachache. Kulikuwa na wizi na upendeleo. Na wanachama wengi hawakuwa wakijua chama chao kinaendeshwaje, wala hawakuona kwamba ni chao.

Tukitafakari jambo hilo tunaona kitu kinachotuhusu sote. Mwaka 1950 mkulima alikuwa akiitilia shaka mizani kwa sababu ilikuwa ya mtu mwingine. Mwaka 1965 mizani ilikuwa yake, na kwa sababu hiyo aliacha kuitazama. Karani alikuwa kijana wa kijijini. Nani angemdai stakabadhi mtoto wa jirani? Mkutano mkuu uliitishwa siku ya kupalilia. Nani angeacha shamba? Makato yalisomwa haraka. Nani alitaka kuonekana mjinga kwa kuuliza? Kila moja ya hayo ni uamuzi mdogo wa fedha, hata kama hakuna shilingi iliyoshikwa. Ule ulinzi ambao zamani ulinunuliwa kwa senti chache uliachwa kwa heshima na haya, na hasara ikarudi mahali palepale ilipokuwa mwanzo, penye uzito na makato.

Sehemu ya lawama inawaangukia viongozi, na Bomani akiwa mmoja wao hawezi kutengwa nayo, kwa kuwa ushirika uliponyoosha mbawa zake kupita uwezo wake yeye na wenzake ndio waliokuwa wakishika usukani wa nchi. Tunasema hivyo kwa heshima. Mjenzi mwema anaweza kuachia jengo likaongezwa ghorofa bila msingi kuguswa.

Itakumbukwa kwamba hapa Nyegezi, mwaka 1960, Askofu Joseph Blomjous alikuwa ameanzisha kituo cha mafunzo ya jamii, ambacho miaka mingi baadaye, mwaka 1998, kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Uhasibu ulikuja kuwa mojawapo ya masomo yake. Nchi iliyokuwa na mamia ya vyama na wahasibu wachache ilihitaji shule za namna hiyo kuliko hotuba, na kama zingetangulia miaka 10 pengine habari ya shirikisho la Mwanza ingekuwa tofauti.

Haikuwa hivyo. Serikali iliingilia uendeshaji wa shirikisho, na mwaka 1968 mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mei 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilivunjwa, na mkulima akawa anauza pamba kwa mamlaka ya zao kupitia kijiji chake. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu ushirika urudi, na Nyanza ikafufuka mwaka 1984, lakini hisa zilizonunuliwa kwa senti za miaka ya 1950 hazikurudi zikiwa na uzito uleule mioyoni mwa watu. Mzee aliyeona akiba yake ikiyeyuka kwa tangazo moja hamhimizi mjukuu wake kuweka akiba katika chama. Humwambia anunue ng'ombe.

Tunaiona athari hiyo hata mjini. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za Mabatini, Igoma, Mkolani na Buhongwa wapo akina mama na akina baba wanaoweka fedha katika vikoba, na wapo wanaoona afadhali kibubu chini ya kitanda. Wapo pia walionaswa na mikopo ya mtaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Anayekopa shilingi 100,000 leo, akatakiwa kurudisha 130,000 mwisho wa mwezi, hufikiri kwamba ameongezewa 30,000 tu. Akifanya hivyo miezi 10, kila mara akikopa upya, amelipa 300,000 kwa ajili ya kutumia laki moja ileile. Ni ratili 3 katika kila mzigo, isipokuwa kwamba safari hii zimeandikwa wazi na mkopaji ametia saini. Na katika kikoba chenyewe, ambacho ni chombo chema, mtu anayepigiwa hesabu mbele ya wote ana amani kuliko yule anayemwachia mweka hazina kila kitu kwa kuwa ni mcha Mungu. Nabii Amosi aliwakemea waliopotosha mizani. Hakuwaambia walionunua nafaka wafumbe macho.

Bomani mwenyewe aliendelea kutumikia. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1983 alikuwa balozi wa Tanzania nchini Marekani, muda mrefu kuliko wengi, na katika uzee wake alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwavisha shahada vijana ambao baadhi yao, bila shaka, waliweza kusoma kwa sababu pamba ya wazazi wao ilipimwa sawasawa. Mdogo wake Mark alipata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Paul Bomani alifariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Viwanda kadhaa vya kuchambulia pamba vya enzi zake vimesimama bila kazi, vingine vimeuzwa, na vichache bado vinanguruma msimu ukifika. Vijijini vyama vya msingi, ambavyo sasa watu huviita AMCOS, vingali vikinunua pamba. Kila mwaka, kabla ya msimu kufunguliwa, maofisa wa Wakala wa Vipimo huzunguka na kukagua mizani na kuzitia alama. Baada yao huja wakulima na mizigo yao, wengine wakipokea stakabadhi na kuikunja bila kuitazama, na wengine wakiisoma polepole, tarakimu kwa tarakimu, huku foleni nyuma yao ikinung'unika.